Nyumba ya Maskini ya Poplar

Katika mtaa huu wa Poplar, mashariki mwa London, palikuwa na nyumba ya maskini iliyoendeshwa chini ya Sheria ya Maskini ya 1834. Walioingia walitenganishwa: mume huku, mke kule, watoto kwingine. Walivaa sare, na chakula chao walikifanyia kazi: kuvunja mawe, au kuchambua kamba kuukuu za meli, uzi kwa uzi, mpaka vidole vikachubuka.

Mwaka 1861 aliletwa hapa mtoto aitwaye Will Crooks. Mwaka 1893 alirudi akiwa mjumbe wa bodi iliyosimamia nyumba hii, pamoja na George Lansbury. Lansbury alikuta mavi ya panya ndani ya uji. Wawili hao walipigania chakula safi na mavazi ya heshima.

Mwaka 1904 bodi ilifungua shamba la ekari 100 huko Laindon, Essex, kwenye ardhi iliyonunuliwa na Joseph Fels, mtengenezaji wa sabuni kutoka Marekani. Huko wanaume wa Poplar waliokosa ajira walilima kwa sepetu.

Umaskini si kosa. Aliyeonja uji wa nyumba hii ndiye aliyeubadilisha.