Tab na Vituo Vyake

Mpiga chapa wa zamani vituo aliviweka kwenye mashine yake. Akibonyeza kitufe cha Tab, karatasi inaruka hadi safu aliyoitaka. Hata mashine ikifa kesho, karatasi inabaki na safu zake zimenyooka.

Kompyuta ikageuza mambo. Mwaka 1963 Marekani ilitoa ASCII, orodha ya kuzipa herufi namba, na Tab ikapata namba 9. Basi! Faili linahifadhi amri ya kuruka, si mahali pa kutua. Unix ilizoea kituo kila nafasi 8. Wengine wakapenda 4. Panga shairi la tarbia kwa Tab, ukwapi huku, utao kule: kwako vina vimesimama mstari mmoja, kwa mwenzio vimetawanyika.

Dawa ikatiwa ndani ya faili. Emacs, kisha Vim iliyotoka mwaka 1991, zikakubali mstari wa maelezo unaosema vituo viko kila nafasi ngapi. Lakini programu nyingi huupita tu mstari huo. Ndiyo maana, ndugu msomaji, wengi wameiacha Tab wakaweka nafasi tupu: hizo hazihitaji mkalimani.