UZI: Nani alihama Mombasa, na alihama kwa nini? Kutoka Tisa Taifa hadi Mtwapa

1. Wadau, kila msimu wa siasa ukifika hapa Mombasa kuna hoja mbili lazima uzisikie. Ya kwanza: "Wenyeji wa kisiwani waliuza nyumba wakahama wenyewe, sasa walia nini?" Ya pili: "Wageni wametujazia mji, warudi kwao." Zote mbili zamhusu mtu yule yule: mzazi anayefunga mizigo kutafuta mahali ambapo kodi ni nafuu na watoto watalala salama. Uzi huu ni historia ya hiyo mizigo. Kama kawaida yetu, hatutaji mwanasiasa wala chama.

2. Tuanze na hesabu. Sensa ya 2019 iliikuta kaunti yetu na watu 1,208,333. Kisauni 291,930. Likoni 250,358. Nyali 216,577. Jomvu 163,415. Changamwe 131,882. Na Mvita, yaani kisiwa chenyewe, 154,171. Kwa hivyo katika kila watu wanane wa Mombasa, kama mmoja tu ndiye analala kisiwani. Lakini bandari ya Kilindini, mahakama, hospitali kuu, Marikiti na ofisi za kaunti ziko kisiwani. Ndiyo maana kila alfajiri watu wavuka kuingia, na kila magharibi wavuka kutoka.

3. Zamani mkondo ulikuwa kinyume. Waswahili wa Mombasa hujihesabu kwa Thenashara Taifa. Tatu Taifa ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Hebu yasome tena hayo majina polepole. Kilifi. Mtwapa. Pate. Faza. Hayo ni majina ya miji. Watu waliingia kisiwani wakabaki na jina la mji waliotoka.

4. Mbona waliingia? Kati ya karne ya 16 na ya 18 miji mingi ya kaskazini ya Mombasa ilihamwa, mmoja baada ya mwingine: Gede, Mnarani pale Kilifi, Mtwapa. Wanahistoria hutaja sababu kadhaa kwa pamoja: vita, mashambulizi ya Waoromo, visima kukauka, biashara kubadili njia. Kisiwa kilikuwa na bahari pande zote na bandari ya kuleta chakula. Ukishavuka, adui naye lazima avuke.

5. Si ati Mombasa ilikuwa pepo. Wareno waliichoma 1505 na wakarudi kuichoma 1528. Wazimba waliingia 1589. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, na kati ya 1696 na 1698 Waomani waliizingira mpaka ikaanguka. Usalama wa kisiwa ulikuwa wa kulinganisha tu. Familia ilipima hatari ya huku na hatari ya kule, ikachagua. Ndivyo familia hufanya hata leo.

6. La muhimu ni namna walivyopokewa. Kila taifa lilikuwa na wazee wake, na kila kundi, la Tisa na la Tatu, lilikuwa na tamimu wake wa kulisemea mbele ya mtawala. Aliyekuja na jina la Mtwapa hakulazimika kulitupa ndipo awe mtu wa Mombasa. Kwa hivyo tukisema "mwenyeji", tukumbuke wenyeji wengi wa mji huu walikuwa wahamiaji waliopewa nafasi. Haki zao hazipungui kwa hilo. Ila neno lenyewe linakuwa pana kuliko linavyotumika jukwaani.

7. Sasa tuingie mahali ambapo mambo yalibadilika: 1908. Mwaka huo serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hatimiliki za ardhi kwa ukanda wa pwani. Yeyote aliyedai ardhi alitakiwa apeleke madai yake kwa ofisa wa serikali, athibitishe, apewe cheti. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji la Uingereza. Mwaka mmoja tu kabla, 1907, utumwa ulikuwa umefutwa kisheria pwani. Yaani kuna watu walikuwa huru kwa miezi tu, na hapo hapo wakaulizwa karatasi ya shamba.

8. Nani alifaidika? Mwenye hati, mwenye wakili, mwenye kujua kusoma lugha ya ofisi. Nani aliachwa? Wamijikenda waliolima ardhi kwa pamoja kama ukoo, watumwa wa jana, na wengi walioishi mahali kwa kuaminiana bila karatasi. Karne moja na zaidi imepita, lakini ukiuliza kwa nini pwani kuna maskwota wengi kwenye ardhi ya babu zao, jibu linaanzia hapo.

9. Kutoka hapo ndipo tukapata kitu ambacho mtu wa bara akija hukishangaa: nyumba bila ardhi. Mitaa kama Majengo ilikua hivi. Mwenye ardhi anakukodishia kiwanja, wewe unajenga nyumba yako ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba pande mbili, unapangisha vyumba, unamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Nyumba yako, udongo wa mwingine. Waweza kuirithisha, waweza kuiuza, lakini ardhi ikiuzwa chini ya miguu yako, huna la kushika. Na benki haikukopeshi kwa nyumba iliyo juu ya ardhi ya mtu.

10. Bandari nayo ilikuwa yaita watu. Gati za maji ya kina zilifunguliwa Kilindini miaka ya 1920, vibarua wakamiminika, vyumba vikawa haba, kodi ikapanda. Ndiyo maana malalamiko ya makazi na gharama ya maisha yamo katika mgomo wa 1939 na ule mkubwa wa Januari 1947. Kodi ya Mombasa ilikuwa suala la siasa kabla ya vyama vya leo kuzaliwa.

11. Njia ya kutokea ilikuwa kuvuka. Upande wa Nyali daraja la kuelea lilifunguliwa 1931, na la zege likachukua nafasi yake 1980. Baada ya hapo Kisauni na Bamburi zikafura. Upande wa Likoni hatujapata daraja la kudumu mpaka leo, ni feri. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida walioishi ng'ambo na kutafuta riziki kisiwani. Hiyo nayo ni gharama ya kuishi mahali nafuu, ila haiandikwi kwenye mkataba wa nyumba.

12. Halafu 1997. Agosti mwaka huo watu wenye silaha walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, kisha wakawageukia majirani waliotoka bara. Watu kama mia moja waliuawa na takriban 100,000 wakakimbia makwao. Familia zile zilikuwa zimehama kwao kuja pwani kutafuta kazi, zikalazimika kuhama tena usiku. Mjue basi hoja ya "warudi kwao" imeshawahi kujaribiwa hapa, na matokeo yake tunayo.

13. Baada ya vurugu zile, shamba moja kubwa la Likoni, ekari 930, lilikaliwa na maskwota kwa miaka mingi. Serikali ikalinunua, na Januari 2016 ugawaji wa hatimiliki ukaanza, huku kila familia ikitakiwa ilipe shilingi 182,000. Wapo walioshangilia, wapo waliouliza kwa nini mtu anunue mahali anapoamini ni pake. Pande zote mbili zina hoja, na zote zarudi kule 1908.

14. Turudi Mji wa Kale. Hapa watu hawaondoki kwa vita. Wanaondoka kwa mirathi. Chukua mfano: mzee amefariki, nyumba ya Kibokoni imeuzwa milioni 8. Ameacha mjane, wana wawili na mabinti wanne. Kwa sharia, mjane apata thumuni, milioni 1. Zinazobaki milioni 7 zagawanywa, kila mwana mafungu mawili, kila binti fungu moja. Mwana aondoka na 1,750,000, binti na 875,000. Kwa 875,000 hununui nyumba kisiwani. Watafuta kiwanja ng'ambo. "Waliuza wakahama" ndiyo hiyo, jamani.

15. Na ukiamua kutouza? Mji wa Kale ni eneo la hifadhi tangu 1990. Kubadilisha roshani, mlango au ghorofa kwahitaji kibali. Hifadhi ni jambo zuri, mimi naiunga mkono, lakini ukuta wa mawe na chokaa hautengenezwi kwa bei ya simenti. Warithi saba wasipoelewana nani atoe pesa, nyumba yavuja mpaka mnunuzi anatokea.

16. Mfano wa juzi: mtaa wa Buxton, nyumba za manispaa. Mwaka 2021 wapangaji waliondolewa kupisha ujenzi mpya, wakapewa shilingi 240,000 kila nyumba wakapange kwingine. Gawanya kwa miezi 24, ni 10,000 kwa mwezi. Hesabu ya kodi yatimia. Lakini mtoto abadilishe shule? Mama wa mahamri apate wateja wapya? Hilo halimo kwenye 10,000.

17. Halati yangu alihama Kibokoni kwenda Mtwapa, kaunti nyingine kabisa. Kwa nasaba ni wa taifa la Mtwapa, kwa hivyo sisi humtania kwamba amerudi kwao baada ya miaka mia tatu. Yeye hucheka, kisha hukuhesabia: watu wanne, matatu mbili kwenda, mbili kurudi, nauli 16 kwa siku. Na walio Kisauni watakwambia usalama pia ni suala la mtaa gani na saa ngapi, kwa sababu ya magenge ya mapanga. Unafuu upo. Wahesabiwe pamoja nao nauli, saa za foleni, na hofu.

18. Sasa zile hoja mbili. Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kuishi popote Kenya. Kwa hivyo "warudi kwao" haina msingi wa sheria. Kifungu cha 43 kinataja haki ya makazi ya kutosha. Kwa hivyo "walihama wenyewe" haimtoi kiongozi kwenye lawama. Mtu aliyesukumwa na kodi, mirathi na ardhi isiyo na karatasi amechagua, sawa, lakini amechagua kati ya milango miwili tu.

19. Mgombea akija barazani kwenu, muulizeni haya. Nyumba bila ardhi: utafanya nini mwenye nyumba alindwe ardhi ikiuzwa? Mji wa Kale: kuna mkopo au ruzuku gani ya ukarabati, ili warithi wasilazimike kuuza? Mtaa ukibomolewa: wapangaji wa zamani wana haki ya kurudi kwa bei gani, na imeandikwa wapi? Na kuvuka: lini? Akijibu kwa kutaja kabila la mtu, mjue hajajibu.

20. Na kama ni nyinyi mnaohama mwaka huu, kabla ya kulipa kiwanja chochote nendeni ofisi ya ardhi mkaangalie rekodi ya hati kwa jina na namba. Msitosheke na barua ya mzee wa mtaa. Waliobaki, niandikieni hapo chini: kwenu mlihama kutoka mtaa gani, mwaka gani, na ni nini kiliwasukuma? Uzi ujao nitaingia kwenye wakfu, maana najua mtauliza.