Ujira na Raghba ya Kazi: Masisi na Walikale

Serikali ya Wabelgiji, ilipotaka kumfunga mkulima wa Kivu, mashariki mwa Kongo, katika kazi asiyoichagua, ilitegemea khofu: sheria ya 1917 ilimlazimu kulima mazao yatakiwayo na dola hata siku 60 kwa mwaka, na katika 1942, vita vilipopamba moto, siku hizo zikafanywa 120, naye, akijua kwamba mbele yake ni faini, kifungo au kiboko, alihudhuria shambani kwa mwili, akili yake ikiwa kwingine.

Tangu 1937 hata 1955 wakahamishiwa Masisi maelfu ya watu kutoka Rwanda, wengi wao wakafanya ijara katika mashamba ya walowezi, ya kahawa na pareto, na waliopewa ardhi yao wenyewe waliishughulikia kwa bidii iliyo dhahiri. Lakini ardhi hiyo Wahunde, wenyeji wa Masisi, waliihesabu kuwa milki yao, na thawabu iliyokatwa katika haki ya jirani ilizaa uhasama ambao hata leo haujazimika.

Mwishoni mwa 2000 bei ya tantalamu, itokayo katika madini ya koltani, ilipita dola 300 kwa ratili, wakulima wengi wakayaacha majembe wakaenda kuichimba. Mwaka uliofuata bei ikaporomoka, na mashamba yalikuwa yamekwisha kuwa magugu.

Lakini ni Bisie, kilima cha kasiteriti, madini ya bati, huko Walikale kilichoanza kuchimbwa mnamo 2002, kinachonifunza zaidi. Huko kundi la wachimbaji liliweza kutoboa mwamba miezi mingi bila malipo, likilishwa kwa mkopo na mwenye shimo, na lisilegee, kwa kuwa fungu la kila mmoja lilikuwa limekwisha kuafikiwa. Na wachukuzi, waliopita msituni na magunia ya kilo 50 hata kijiji cha Njingala, walilipwa kwa uzito waliofikisha. Kilichowavunja moyo si ugumu wa jiwe, bali wenye bunduki: hata 2009 wanajeshi wa brigedi ya 85 ya jeshi la Kongo walikishika kilima na kutoza sehemu yao, na salongo, jina la kazi ya umma ya lazima lililorithiwa enzi ya Rais Mobutu, ikawa siku za kuwachimbia wao bure. Naamini mtu huvumilia malipo ya mbali, ila havumilii malipo yasiyo na amana.

Septemba 2010 Rais Joseph Kabila akapiga marufuku uchimbaji wa madini mashariki mwa nchi, akauruhusu tena Machi 2011, lakini wanunuzi wa ng'ambo, kwa kuichelea sheria mpya ya Marekani juu ya madini ya maeneo ya vita, walikuwa wakijitenga, na wachimbaji wakabaki na mikopo ya chakula walichokwisha kula chini ya ardhi.