Darasa zima lililokwenda vitani

Wandugu, samahani kwa kimya cha wiki mbili. Si unajua tena, majaribio yamepangana kama daladala za asubuhi na bumu bado halijatoka, kwa hiyo mtu unapiga msuli huku tumbo linanguruma. Leo nimekuja na stori iliyonikaa kifuani tangu semina ya Jumatano. Naimwaga hapa kabla sijalala.

Ilikuwa hivi. Kwenye kozi yetu ya historia ya Marekani kila mmoja alipewa kikosi kimoja ili aeleze kupitia hicho Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865. Mimi nikaangukia kombania ya askari wa miguu wa upande wa Kusini, yale majimbo yaliyojitenga na kuunda Konfederesheni yao. Ni Kombania A ya Rejimenti ya 11 ya Mississippi. Jina lao la utani lilikuwa University Greys, kwa sababu ya rangi ya kijivu ya sare zao na kwa sababu nyingine iliyonifanya niwapende kabla hata sijawasoma: walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu. Watu wa hosteli, wa vitabu, wa mitihani. Watu kama sisi.

Basi nikazama maktaba.

Chuo Kikuu cha Mississippi, kule Oxford ya Marekani (siyo ile ya Uingereza), kilifungua milango mwaka 1848. Kilikuwa chuo kidogo cha watoto wa wenye mashamba. Jimbo la Mississippi lilijitenga Januari 9, 1861, na vita vilipoanza Aprili, wanafunzi hawakushikika. Hesabu inayosimuliwa sana ni kwamba kati ya wanafunzi 139, wanafunzi 135 waliingia jeshini. Kapteni wao wa kwanza, William Lowry, alikuwa na miaka 19. Kumi na tisa, jamani! Mimi nikiwa na miaka 19 nilikuwa sijui hata kupanga bajeti ya mwezi.

Mkuu wa chuo, Frederick Barnard, mtaalamu wa hesabu na sayansi, alijaribu kuwazuia. Aliona kabisa kwamba chuo kinamwagika. Haikusaidia kitu. Mwezi Mei vijana wakaondoka, na muhula ulipofunguliwa tena baadaye mwaka ule, wanafunzi waliofika walikuwa wanne. Wanne! Chuo kikafungwa mpaka vita viishe, na mwaka 1862, baada ya mapigano ya Shiloh, majengo yake yakageuzwa hospitali ya majeruhi. Mamia waliofia pale wamezikwa hapo hapo chuoni.

Sasa fuatana nami uone yaliyowakuta waliokwenda.

Julai 21, 1861 wakaonja vita kwa mara ya kwanza pale Manassas, Virginia. Kusini walishinda, na vijana wakadhani mchezo umeisha, wangewahi kurudi darasani. Wapi! Mwaka 1862 ukawa mwaka wa kuchinjwa. Seven Pines mwezi Mei, Gaines' Mill mwezi Juni, Manassas ya pili mwezi Agosti, kisha Antietam tarehe 17 Septemba, siku moja iliyomwaga damu nyingi kuliko siku yoyote ya vita vile. Kila pambano linawapunguza. Na risasi haikuwa adui mkubwa kuliko wote. Katika vita vile, kwa pande zote mbili, karibu theluthi mbili ya askari waliokufa waliuawa na maradhi: homa ya matumbo, kuhara damu, hata surua. Kijana anatoka nyumbani na bendera na matarumbeta, anakufa kwa maji machafu ya kambini.

Halafu Gettysburg, Pennsylvania, Julai 1863.

Siku ya kwanza walikuwa na bahati. Rejimenti nyingine za brigedi yao, chini ya Jenerali Joseph Davis, zilipigwa vibaya sana, lakini ya 11 ilikuwa nyuma inalinda magari ya mizigo. Kumbe bahati ile ilikuwa inawaweka akiba. Siku ya tatu, Julai 3, Jenerali Lee aliamua kuvunja katikati ya safu ya Kaskazini, na rejimenti iliyokuwa bado nzima ikatakiwa mbele.

Kuanzia kama saa saba mchana mizinga ya pande zote ilinguruma. Mmoja wa vijana wa kombania yetu, Jeremiah Gage, alipigwa na kombora kabla hata shambulio halijaanza. Mkono na tumbo viliraruliwa. Daktari hakumficha, na yeye mwenyewe alijua. Akaomba karatasi na kalamu, akamwandikia mama yake. Akamwambia kwamba huenda hii ni barua ya mwisho, kwamba amekufa akiwa mwanaume. Barua ile ina doa la damu yake, na imehifadhiwa kwenye nyaraka za chuo alichotoka.

Niliposoma hapo, wandugu, sikuweza kuendelea. Nilitoka nje ya maktaba nikakaa kwenye ngazi. Nilimfikiria mama yangu akipokea karatasi ya namna ile.

Wenzake waliobaki wazima walitoka msituni kama saa tisa alasiri, sehemu ya watu wapatao 12,500, wakavuka uwanja wazi wa zaidi ya kilomita moja huku mizinga na bunduki zinawafyeka. Kombania ilikuwa imeshapungua mpaka watu thelathini na kitu. Waliofika mbali zaidi walifika karibu na ghala moja la shambani juu ya kilima. Chini ya saa moja kila kitu kilikuwa kimekwisha. Kumbukumbu za chuo zinasema kwamba wote walioingia kwenye shambulio lile waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Asilimia mia moja.

Masalia ya kombania yakaunganishwa na Kombania G. Waliotekwa kule Gettysburg walipelekwa kwenye magereza ya Kaskazini, na huko nako maradhi yaliwasubiri. Tarehe 2 Aprili, 1865, mabaki ya rejimenti yalizingirwa kwenye kijito cha Hatcher's Run karibu na Petersburg na wengi wakatekwa. Wiki moja baadaye, Aprili 9, Lee akajisalimisha.

Hiyo ndiyo kazi niliyoipeleka semina. Niliisoma kwa hisia, nikamalizia na barua ya Gage, na darasa likawa kimya. Nikajiona nimeua. Mhadhiri akaitikia kwa kichwa.

Ndipo dada mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono. Huwa haongei sana. Akauliza kwa upole kabisa: "Kaka, umetueleza walivyokufa. Walikuwa wanapigania nini?"

Nikaanza kubabaika. Nikasema ardhi yao, majimbo yao, heshima yao. Akaniangalia tu. Kisha akasema, "Na wale waliokuwa wanawapikia pale chuoni, yaliwakuta nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa chini kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu. Kurasa kumi na mbili nilizoandika, hakukuwa na mtu mweusi hata mmoja ndani yake. Na mwandishi ni mimi, mtoto wa Bwana na Bibi Mwafrika!

Nikarudi maktaba jioni ile ile, safari hii nikisoma kwa aibu.

Sensa ya 1860 ilihesabu Mississippi watu 791,305. Kati yao 436,631 walikuwa watumwa. Zaidi ya nusu ya jimbo! Na tamko ambalo wajumbe wa jimbo walilitoa Januari 1861 kueleza kwa nini wanajitenga halifichi kitu: mwanzoni kabisa linasema msimamo wao umefungamana na utumwa. Huhitaji mhadhiri akufafanulie. Chuo chenyewe kilijengwa na watumwa, watumwa ndio waliofagia, waliopika, waliochota maji. Na vijana wengi wa familia tajiri za Kusini walipokwenda kambini walichukua mtumwa wa kuwafulia na kuwapikia hata huko.

Halafu nikakutana na Jane.

Jane alikuwa mtumwa nyumbani kwa yule Barnard, mkuu wa chuo. Ndiyo, huyo huyo niliyemsifu hapo juu alikuwa na watumwa. Mwaka 1859 mwanafunzi mmoja aliingia nyumbani humo wakati mkuu hayupo, akamshambulia Jane na kumwumiza vibaya. Jane akamtaja. Barnard akataka kijana afukuzwe. Walimu wengi wakakataa. Sababu? Ushahidi ulitoka kwa mtumwa, na neno la mtumwa halisimami dhidi ya mzungu. Mambo yakageuka mpaka mwaka 1860 Barnard ndiye akawekwa kikaangoni na kujieleza mbele ya wadhamini wa chuo kama kweli anaunga mkono utumwa. Walimsafisha. Vita vilipoanza alijiuzulu, na baadaye akawa mkuu wa chuo cha Columbia kule New York. Jane hakuna aliyemsafisha.

Hiyo ndiyo hosteli niliyokuwa naililia. Miaka miwili kabla ya vita, jumuiya hii ya wasomi ilikuwa imeshaamua kwamba Jane si mtu wa kusikilizwa.

Na lile ghala la Gettysburg, mnakumbuka? Nilikuwa nimeliandika kama "ghala moja la shambani", basi. Nikatafuta lilikuwa la nani. Lilikuwa la Abraham Brian, mtu mweusi huru, mkulima mwenye ekari 12 alizonunua mwaka 1857. Jeshi la Lee lilipoingia Pennsylvania, baadhi ya askari wake waliwakamata watu weusi, hata waliozaliwa huru, na kuwapeleka Kusini utumwani. Brian alichukua familia yake akakimbia. Aliporudi alikuta nyumba imetobolewa na risasi, ua umevunjwa, mazao yamekanyagwa. Akadai serikali fidia ya dola 1,028. Akapewa 15.

Kwa hiyo wanafunzi wale walitembea kutoka madarasani mpaka wakaenda kufa mlangoni kwa mtu ambaye, kama wangeshinda, asingekuwa na mlango. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi tangu Jumatano.

Msinielewe vibaya. Gage alikuwa na mama, na damu kwenye ile karatasi ni damu ya kweli. Sijaifuta sehemu yake kwenye kazi yangu na sitaifuta. Lakini orodha ya kombania, huyu kauawa, huyu katekwa, huyu kafa kwa homa, ina ujanja wake. Inakufanya uhesabu maiti za upande mmoja mpaka usahau kuuliza. Watu wa Kusini waliitumia hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 1906 walisimamisha sanamu ya askari wao pale pale chuoni. Usiku wa Septemba 30, 1962, mwanafunzi mmoja mweusi, James Meredith, alipokuwa akiingia kusoma kwa amri ya mahakama, kundi la wazungu lilifanya fujo kwenye viwanja hivyo hivyo na watu wawili wakauawa. Kesho yake Meredith akaandikishwa. Sanamu ile ilihamishwa kutoka katikati ya chuo mwaka 2020 tu, ikapelekwa makaburini.

Kinachoniuma zaidi ni usomi wao. Walikuwa wanajua Kilatini na hesabu, na bado walipoambiwa "twendeni" walikwenda karibu wote. Elimu haikuwauliza lile swali la dada wa safu ya nyuma. Na mimi nimekaa na kitabu wiki mbili, halikunijia pia.

Mhadhiri amenipa mpaka Jumatatu niirudie. Sasa kazi inaanza na Jane, inamalizia na Abraham Brian, na wale vijana wako katikati, palepale walipoangukia. Yule dada nimemwomba aisome kabla sijaikabidhi. Amesema sawa, ila nimnunulie chipsi mayai. Bumu likitoka.

Wewe je, umeshawahi kulilia watu kisha ukagundua hukuuliza swali moja la muhimu? Niandikieni. Usiku mwema, umeme wenyewe unapepesa.