Kinacholindwa si nakala

Ukisema "ulinzi wa mtoto", mtoto ndiye anayelindwa. "Ulinzi wa mpaka" hali kadhalika. Sasa ukiambiwa gemu fulani ina "ulinzi wa nakala", tafsiri ya neno kwa neno ya "copy protection" iliyokwisha kuzoeleka, unaelewa nini? Kwa sarufi yetu, kuna nakala mahali na kuna askari anayeilinda isiguswe. Kumbe nakala ndiyo inayofukuzwa!

Fundi wa mashine za gemu hana shida hiyo. Yeye huuliza tu: "Hii ina chipu?" Nusu ya somo imo katika swali hilo.

PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani Desemba 1994, ilitumia CD, na yeyote mwenye kompyuta yenye kichomeo cha CD angeweza kuinakili. Sony haikuhangaika kumzuia. Iliweka alama ambayo kichomeo hakiwezi kuiandika. Mwanzoni mwa diski halisi, njia inayofuatwa na leza imechongwa ikiyumbayumba kwa mpangilio maalumu, na mpangilio huo ukisomwa hutoa herufi nne: SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya. CD tupu ya dukani huja na njia yake tayari, na kichomeo huifuata hiyo hiyo. Basi gemu yote inanakilika, yumbo linabaki kwenye diski halisi. Mashine ikiwashwa hutafuta zile herufi kwanza, isipoziona, haichezi. Wengi tuliamini siri ilikuwa ule weusi wa chini ya CD. Weusi haukuwa na kazi hiyo.

Chipu nayo ilikuwa kidude cha miguu minane, kimelehemewa kwenye ubao kwa nyaya chache, kazi yake kuinong'oneza mashine zile herufi nne badala ya diski. Asiye na hela ya chipu alikuwa na mbinu nyingine kwa mashine za mwanzo: acha mfuniko wazi, bana kile kitufe cha mfuniko kwa karatasi iliyokunjwa, weka CD halisi, sikiliza mzunguko wake. Mara tu ukaguzi ukipita, inyakue ingali inazunguka, tupia nakala. Ukichelewa kidogo, unaanza upya, na vidole vimeshapata mikwaruzo.

Kompyuta haina mkaguzi wa namna hiyo mlangoni. Vipuri vyake hutoka kwa watengenezaji mbalimbali, na mwenyewe anaendesha programu anayotaka, hivyo ukaguzi ilibidi uwekwe ndani ya gemu yenyewe. The Secret of Monkey Island ya 1990 iliuzwa na gurudumu la makaratasi lenye nyuso za maharamia: unalizungusha hadi upate sura iliyo kwenye skrini, kisha unaandika mwaka. Maharamia wa kuchora wakawekwa zamu kuwazuia maharamia wa gemu! Watu wakalitoa fotokopi. Baadaye gemu zikawa zinadai CD halisi iwemo kwenye kompyuta, na wajuzi wakaihariri programu ili isidai kitu. Hiyo ndiyo kreki. Mwaka 2004 Half-Life 2 ikataka isajiliwe kwa intaneti kupitia huduma ya Steam, na tangu hapo ukaguzi mwingi umehamia mbali, kwenye seva za wenye mali.

Wapo wanaopendekeza "kizuianakala", kwa mfano wa kizuia mimba. Ni afadhali, lakini nalo halisemi kweli. Tazama tena: PlayStation haikuzuia mtu kunakili, wala gurudumu halikuzuia. Nakala ilitengenezwa vizuri kabisa. Ikafika mbele ya mashine, ikakataliwa. Na watoto wa vibanda vya gemu walilisema hilo siku zote bila kamati ya istilahi. CD ikigoma, hawakusema imezuiwa wala imelindwa. Walisema: "Imekataa."

Kitenzi tunacho, basi. Napendekeza "kikataanakala": kitu kinachokataa nakala, kiwe alama kwenye diski, gurudumu au seva. Najua msomaji wa haraka atalisoma kama "kikata", na hiyo ndiyo kasoro yake. Mwenye neno bora alilete, ila "ulinzi wa nakala" tuliache.