Glasi ya Tano

Mambo haya yalitokea uani kwetu, Magomeni Mikumi, si mbali na Mtaa wa Ifunda, ilipo nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere wakati wa kupigania uhuru. Nyumba ile sasa ni makumbusho. Ua wetu hauna sifa hiyo. Una mwarobaini mmoja, kamba za kuanikia nguo, na mkeka ambao mjomba wangu hukalia tangu asubuhi hadi saa ya kulala.

Shemeji yangu ni baharia. Safari hii alirudi na chupa ya burboni, wiski ya Kimarekani ya huko Kentucky. Nikawaita masela watano. Chupa ikapita mkono kwa mkono. Huyu anasifia rangi, yule anasifia lebo, mwingine anasema harufu yake anaijua tangu zamani, na kizibo bado hakijang'olewa! Nikawaambia, "Jamani, nyie mnakunywa karatasi. Tufunge macho tuone."

Wazo hilo sikulibuni mimi. Tarehe 24 Mei 1976, mjini Paris, muuza mvinyo wa Kiingereza, Steven Spurrier, aliwapa mabingwa wa Kifaransa mvinyo wa kwao na wa California bila kuwaonyesha chupa. Wa California ukashika nafasi ya kwanza, mweupe na mwekundu pia. Kama mabingwa wale walidanganyika, sisi wa Magomeni ni nani?

Jirani yetu mmoja hanywi pombe, hivyo tukamfanya msimamizi. Alimimina, akaandika namba chini ya kila glasi, akatunza siri. Tulijifunga macho kwa vipande vya khanga kuukuu, kwa sababu Konyagi ni nyeupe kama maji na burboni ni ya kahawia. Macho yangeshasema kabla ya ulimi. Glasi zilikuwa tano: burboni, wiski ya Scotland, Konyagi, waragi ya Uganda, na ya tano niliyoijua mimi na msimamizi tu. Ilikuwa gongo, niliyoinunua jana yake kwa mtu, ikiwa ndani ya chupa ya soda.

Tukaonja nne za kwanza. Aliyedai kuijua harufu ya burboni aliinusa, akacheka, akasema, "Hii ya kwetu hii, inanuka mahindi!" Konyagi ikapewa kura nne kati ya sita kuwa ndiyo iliyotoka Marekani. Mimi mwenyewe niliita waragi Konyagi, na Konyagi nikaiita waragi. Tulipofungua macho tukasomewa majibu, ua mzima ulicheka.

Hapo nikaona nafasi ya kuhutubia, maana historia ndiyo ugonjwa wangu. Niliwaambia kwamba heshima tunayoipa chupa ya ng'ambo tulifundishwa kwa sheria. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels kuzungumzia biashara ya utumwa, lakini mkataba wao uligusa na pombe kali pia. Walichora eneo kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, wakaiwekea pombe hiyo vizuizi humo. Tanganyika yote imo. Mwaka 1919 mkataba wa Saint-Germain ukakaza zaidi: pombe kali za kuwauzia Waafrika zisiingizwe, na pombe ya mvuke isitengenezwe humu ndani. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika, sharti la kudhibiti pombe kali liliandikwa katika hati ya udhamini ya mwaka 1922.

Matokeo yake yalikuwa nini? Mzungu aliweza kukaa na wiski yake klabuni. Mwafrika aliachiwa pombe ya nafaka na tembo, navyo kwa kibali na kwa saa maalumu. Akikamatwa na wiski, ana kesi. Hali iliendelea hivyo hadi miaka ya 1950, wakati Magomeni hii inajengwa kuwa makazi ya Waafrika. Kwa hiyo, niliwaambia, babu zetu walifundishwa kwamba kilichomo ndani ya chupa yenye lebo ni cha bwana mkubwa. Bendera ilibadilika mwaka 1961. Mafunzo yakabaki kichwani.

Na gongo? Serikali yetu wenyewe ilitunga sheria ya Moshi mwaka 1966, na moshi ndilo jina la gongo mahakamani. Ukiipika au ukikutwa nayo bila leseni, unakwenda ndani. Uganda walitunga sheria kama hiyo mwaka 1965 juu ya enguli, na humo ikatoka waragi ya kiwandani. Sisi tukapata Konyagi ya Chang'ombe, asilimia 35 ya kilevi. Jina lenyewe lina mwangwi wa koniaki ya Ufaransa. Aliyekosa pesa ya chupa alinunua kiroba, mpaka viroba vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017.

"Basi," nikamalizia kwa madaha, "mwenye kiwanda ni mfanyabiashara, mama wa gongo ni mhalifu. Tofauti yao ni karatasi tu! Fungeni macho tena, glasi ya tano inawasubiri."

Mjomba akakohoa pale mkekani. Tulikuwa tumemsahau.

"Mjomba," akaniita, "hiyo ya tano umeitoa wapi?"

Nikanyamaza.

"Hebu niletee."

Nikampelekea. Aliipapasa glasi kwa vidole, akaisogeza puani, akakaa nayo hivyo kwa muda. Kisha akasema, "Inanukia vizuri. Hata yangu ilinukia vizuri."

Kisa cha macho yake nyumbani kwetu hakizungumzwi. Usiku ule alikisimulia mwenyewe. Ilikuwa miaka ya 1980, bia ni za kutafuta kwa tochi. Yeye na mwenzake wa bandarini walipokea mshahara, wakapitia kwa mtu kunywa gongo. Asubuhi aliona ukungu mweupe kila upande, akadhani ni uchovu. Siku ya tatu ukungu ukawa giza. Mwenzake alikuwa ameshazikwa.

Wakemia wanaijua sababu. Kuna kilevi kinachoitwa methanoli, ndugu wa kile tunachokunywa. Kwa harufu na ladha vinakaribiana mno. Kikiingia mwilini, ini hukigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa macho. Mililita 10 tu zinaweza kumpofusha mtu. Mara nyingi muuzaji hukichanganya makusudi ili pombe yake iwe kali kwa gharama ndogo. Mwezi Novemba mwaka 2000, katika vitongoji vya Nairobi, pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100 na kuwapofusha wengine. Mwaka 2010 Kenya iliiruhusu chang'aa kisheria, kwa masharti ya chupa na lebo.

Hapo hotuba yangu ikaanza kunitafuna. Nilikuwa nimesoma juu ya wakoloni nikasahau mkeka uliopo uani kwetu. Ni kweli kwamba lebo ilitumika kututenga, na sifuti neno hata moja la yale niliyosema kuhusu 1890 na 1919. Lakini hao Wamarekani nao walikuwa na gongo yao. Wakulima wao walipika wiski, wakagombana na serikali juu ya kodi hadi wakaasi mwaka 1794. Karne iliyofuata walanguzi waliichakachua wiski, wengine kwa maji ya tumbaku. Ndipo ikaja sheria ya mwaka 1897: wiski iliyokaa ghalani chini ya ulinzi wa serikali kwa miaka minne au zaidi, ya kiwanda kimoja, ndiyo itakayobandikwa alama. Walipopiga marufuku pombe kati ya 1920 na 1933, methanoli ikarudi vikombeni na watu wakafa. Lebo yao imetokana na makaburi.

Msimamizi wetu aliichukua chupa ya soda na ile glasi, akamwaga vyote chooni. Hakuna aliyebisha. Masela wakavuta viti, wakasogea mkekani.

"Na hiyo ya Marekani," mjomba akauliza, "imeandikwaje?"

Nikamsomea: imetengenezwa wapi, na nani, kilevi kiasi gani. Nilipofika kwenye maandishi madogo ya chini nikataka kuyaruka, maana taa ya uani ni hafifu.

"Soma mpaka mwisho, mjomba," akasema.

Nikasoma mpaka mwisho.