Wimbo Mmoja, Kanda Tano

Palikuwa na baraza moja katika Mji Mkongwe wa Unguja ambapo, kwa miaka mingi, kila usiku wa Alhamisi yalizuka mabishano yasiyopata mshindi. Hayakuwa ya siasa wala ya mpira. Yalihusu kanda tano za wimbo mmoja, "Al-Atlal" wa Umm Kulthum, na ni ipi kati yao iliyostahiki kuitwa bora. Mmoja akiipigania ya usiku wa kwanza, mwengine akisimama na ya Paris, na kila mtu alikuja na ushahidi wake: hapa mstari ameurudia mara mbili, kule mara tano, hapa kanuni imemjibu, kule imenyamaza. Mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na kitu, na kazi yangu ilikuwa kupitisha kahawa na kugeuza kanda upande wa pili. Kiarabu nilichonacho, ambacho hakikupitia darasa la chuo chochote, kilianzia hapo.

Nimeona niiandike historia ya mabishano yale kwa sababu nina deni nayo. Deni lenyewe nitalitaja baadaye.

Si ajabu kwamba Waunguja walijipa haki ya kuuhukumu muziki wa Misri. Masimulizi ya taarab yetu huanza na Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ambaye alileta wapigaji kutoka Misri na kumpeleka Mohamed bin Ibrahim mjini Cairo akajifunze kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Baadaye zikaja santuri, zikaja filamu za Kimisri, na mwaka 1954 Redio Cairo ikaanza matangazo kwa Kiswahili. Fidla zilipoongezeka katika vyama vyetu, masikio yalikuwa yanaelekea Cairo. Muziki ule ulikuwa kwetu ni wa kale na wa juu, wenye mizani, maqamu na adabu zake, na msikilizaji alitakiwa ajifunze kabla ya kusema.

Lakini ilikuwaje wimbo mmoja ukawa na kanda tano? Jibu linataka turudi kwenye santuri. Upande mmoja wa santuri za zamani ulibeba takriban dakika 3. Aliyeimba mbele ya mashine alilazimika kuukata wimbo kwa kadiri ya sahani. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice, na sauti ya Kiswahili ikaingia kila nyumba yenye gramafoni katika pwani hii. Tunazishukuru santuri zile, kwani pasipo hizo tungebaki na wasifu alioandika Shaaban Robert na kumbukumbu za waliomsikia. Hata hivyo, tunachokisikia ni kile kilichoenea ndani ya dakika 3. Kurudia mstari kwa kuwa mtu mmoja pembeni ya mkeka ameshusha pumzi, hayo santuri haikuwa na nafasi nayo.

Umm Kulthum naye alianza na santuri za aina hiyohiyo. Kilichombadilishia njia ni redio ya taifa ya Misri, iliyofunguliwa mwaka 1934. Kwa miongo kadhaa, Alhamisi ya kwanza ya mwezi katika msimu wake, tamasha lake lilirushwa hewani moja kwa moja kutoka ukumbini. Sasa hakukuwa na sahani ya kumkata. Binti huyu wa imamu wa kijiji, aliyelelewa juu ya usomaji wa Qurani, aliuchukua mstari mmoja wa shairi, akausema wazi. Hadhira ikamwomba aurudie. Akaurudia kwa njia nyingine, akatoka nao maqamu hii kwenda ile, kisha akaurejesha nyumbani. Wimbo uleule ungeweza kumalizika kwa saa moja usiku huu, na usiku mwengine ukapita hapo kwa mbali. Waarabu huuita ulevi huo wa kusikiliza "tarab", na sisi tuliutwaa tukaupa muziki wetu jina. Kwa hiyo kila tamasha lilizaa rekodi yake, na kila rekodi ikazaa wapenzi na wapinzani.

"Al-Atlal" yenyewe ni shairi la Ibrahim Nagi, tabibu wa Cairo aliyefariki mwaka 1953. Hakuusikia wimbo. Riyad al-Sunbati alizitilia muziki beti zake, pamoja na nyingine zilizotolewa katika shairi lake jengine, na Umm Kulthum akauimba kwa mara ya kwanza mwezi wa Aprili 1966. Mfasiri hukwama tangu kwenye jina. Twasema "magofu", na papo hapo msomaji wa pwani anaziona kuta za mawe ya matumbawe, anaiona Pate ya Al-Inkishafi. Lakini "atlal" za washairi wa kale wa Kiarabu si nyumba. Ni alama zilizobaki mchangani baada ya kabila la mpenzi kung'oa mahema na kuondoka. Gofu letu hulia utukufu uliopita. Atlal hulia mtu aliyekuwapo jana. Nimeshajaribu "mabaki", nimeshajaribu "nyayo za kambi", na bado sijaridhika.

Mapenzi yaliyovunjika ndiyo habari ya shairi. Ndani yake mna mahali ambapo mwenye kuimba anadai uhuru wake na kutaka mikono yake ifunguliwe. Usiku wa Aprili 1966 hayo yalikuwa madai ya mpenzi aliyechoka. Kisha ikaja vita ya Juni 1967, Misri ikashindwa, na Umm Kulthum akaanza kuimba ndani na nje ya nchi yake ili kuichangia fedha. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo alisimama katika ukumbi wa Olympia, Paris. Maneno ni yaleyale, muziki ni uleule, lakini anapofika kwenye madai ya uhuru ukumbi unapaza sauti kwa namna isiyoweza kuelezwa kwa habari ya mapenzi peke yake. Katika baraza yetu palikuwa na mtu asiyejua Kiarabu hata kidogo. Hapo ndipo alipokuwa akinyanyua mkono tuache kuzungumza. Alikuwa akisema kwamba maana ya mstari ule ameipata kwa wale wapigao kelele.

Nilikuja kumwelewa nilipoanza kufasiri. Ahmad Rami, mshairi aliyemtungia Umm Kulthum nyimbo nyingi, alizifasiri pia rubai za Omar Khayyam kutoka Kifursi hadi Kiarabu, na Umm Kulthum akaimba baadhi yake. Kabla yake walikuwapo wafasiri wengine, na baada yake wamekuja wengine. Anayezisoma tafsiri mbili za rubai moja hapotezi wakati kwa kusoma kitu kimoja mara mbili. Kila moja humwonesha kilichofichwa na mwenzake. Rekodi nazo ndivyo zilivyo: moja huhifadhi usiku mmoja, na wimbo wenyewe twaukaribia kwa kuziweka pamoja.

Haya nayasema leo. Mzee wetu alipofariki, warithi wake waliniita. Sanduku la kanda lilikuwa limeanza kushika ukungu kwa hewa ya bahari, nyumba inakabidhiwa wenyewe wengine, na fedha ya kuzihamishia kanda kwenye kompyuta ilikuwa ndogo. Waliniuliza, kwa heshima waliyoniwekea, ni zipi za kubakishwa. Nikachagua moja kwa kila wimbo. Nilichukua iliyo safi zaidi, isiyo na makelele, nikawaambia kwamba nyengine ni marudio. Zilichukuliwa na gari la taka.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa katikati ya kuifasiri "Al-Atlal", nilitaka kuusikia tena ule mstari wa uhuru. Niliiweka ile niliyoichagua. Sauti ilikuwa safi, fidla zimenyooka, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumjibu.

Rekodi ya Paris niliipata baadaye bila taabu, na nyengine pia. Misri imezichapisha, na siku hizi zinapatikana kwa urahisi kuliko tulivyowahi kuota. Deni langu liko kwenye kanda ya tano. Hiyo mzee aliirekodi mwenyewe kutoka Redio Cairo, kwa kukiweka kinasa sauti mbele ya redio. Mawimbi yalikuwa yakipanda na kushuka. Vikombe vya kahawa vilikuwa vikigongana. Na pale hadhira ya Cairo iliposema "Allah!", kulisikika baada yake, karibu zaidi na kinasa, sauti za wazee wa baraza yetu wakisema vilevile. Nusu yao walikuwa wameshatangulia mbele ya haki siku nilipoihukumu kanda hiyo. Ilikuwa chafu kuliko zote, ndiyo niliyoitupa ya kwanza.

Kuna nyumba nyingi za Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa zenye sanduku kama lile, lenye taarab za harusi na za sikukuu, wimbo mmoja mara nne, mara sita. Msomaji ukiwa nalo, usimwite mtu kama mimi akuchagulie iliyo safi. Andika juu ya kila kanda ni usiku gani, nyumba ya nani, na nani walikuwapo, maadamu yupo bado wa kukwambia. Kisha waite watu waje wasikilize, na uwaache wabishane.